Chrome inasumbua kwenye Linux? Usiifute kwanza, tafuta tatizo linakaa wapi

Chrome ikigoma kwenye Ubuntu au Linux Mint karibu kila mtu anakimbilia kuifuta na kuiinstoli upya, alafu ikirudi inarudi na tatizo lilelile, mtu anaanza kusema Linux mbovu na anarudi Windows. Inauma kuona hivyo kwasababu mara nyingi tatizo lilikuwa la dakika tano. Angalia mafaili yanakaa wapi utaelewa. Programu yenyewe inakaa /opt/google/chrome, ila mambo yako yote, yani historia, paswedi, ekstensheni, mipangilio, yanakaa kwenye folda iliyofichwa ndani ya home yako inaitwa ~/.config/google-chrome, na ukifuta Chrome kwa apt (amri ya kuweka na kufuta programu) ile folda haiguswi kabisa. Kwahiyo kama ubovu uko kwenye profaili, yani hiyo folda ya mambo yako, hata uiinstoli mara kumi utakuwa unarudisha programu nzima juu ya profaili mbovu.

Tatizo linaweza kukaa sehemu nne: programu yenyewe (hii ni nadra kuliko watu wanavyodhani), profaili yako, upande wa picha yani kadi ya grafiksi na sesheni ya dawati, au mfumo wa chini kabisa, RAM, diski, saa, mtandao. Ukijua ni sehemu gani umemaliza nusu ya kazi. Na haya yote yanahusu pia Edge ya Microsoft, ambayo toleo lake rasmi la Linux lilitoka Novemba 2021, kwasababu zote mbili zimejengwa juu ya Chromium, brauza huria ya Google, kinachobadilika ni majina tu, folda ya Edge ni ~/.config/microsoft-edge na amri yake ni microsoft-edge.

Majaribio mawili kabla ya kugusa chochote

Funga Chrome yote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

google-chrome

Ikifunguka utaona mistari mingi inashuka pale, mingine imeandikwa ERROR kabisa. Usiogope, Chrome iliyo nzima pia inatoa hiyo mistari, malalamiko ya vaInitialize au ya kushindwa kuongea na dbus hayana maana yoyote kama brauza inafanya kazi. Unachotafuta ni ule mstari wa mwisho kabla haijafa.

Jaribio la pili ndio la maana zaidi, unaifungua na profaili mpya tupu bila kugusa ya zamani:

google-chrome --user-data-dir=/tmp/jaribio

Itafunguka kama Chrome iliyotoka kuinstoliwa leo, haina akaunti, haina ekstensheni. Kama tatizo limepotea hapo basi liko kwenye profaili yako, mara nyingi ni ekstensheni moja au kache (nakala za muda) iliyoharibika. Kama tatizo bado lipo, rudia amri hiyohiyo ukiongeza --disable-gpu mwishoni. Likipotea hapo basi ni mambo ya grafiksi. Likibaki hata hapo, shuka chini kwenye mfumo. Ile folda ya /tmp itafutika yenyewe ukizima na kuwasha kompyuta kwahiyo huachi uchafu.

Sasa twende dalili kwa dalili.

Haikubali kuinstoliwa

Kwanza hakikisha mfumo wako ni wa biti 64. Google waliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 tangu Machi 2016, na faili unalopakua linaishia na amd64.deb. Andika dpkg --print-architecture, ikikujibu i386 basi hilo faili haliingii hata ufanyeje. Ila usikate tamaa, laptopu nyingi za zamani zina prosesa ya biti 64 ila aliyeweka Linux aliweka ya biti 32, angalia kwa lscpu, ukiona mstari wa op-mode umeandikwa 32-bit, 64-bit, weka Linux ya biti 64 na mambo yatakaa sawa. Kwenye Raspberry Pi faili la amd64 haliingii pia, ile ni prosesa ya aina nyingine, tumia Chromium inayokuja na mfumo wake.

Kama biti ziko sawa na bado inalia habari za dependencies, ujue umetumia dpkg -i, ambayo inaweka faili bila kuleta programu zingine inazozitegemea. Usifute, andika tu sudo apt --fix-broken install na itajazia zilizopungua. Siku nyingine tumia hii, ukiwa ndani ya folda yenye faili, na usisahau ile nukta na mkwaju:

sudo apt install ./google-chrome-stable_current_amd64.deb

Unabonyeza ikoni, inazunguka kidogo, kimya

Hapa ndipo terminali inaokoa muda. Kuna sababu kama nne hivi.

Ya kwanza, kuna Chrome ya zamani haijafa vizuri iko nyuma inakula RAM bila dirisha. pkill chrome alafu jaribu tena.

Ya pili, kufuli ya profaili. Chrome ikifunguka inaweka alama kwenye folda yake inaitwa SingletonLock, ndani yake kuna jina la kompyuta na namba ya prosesi, ili Chrome mbili zisiandike profaili moja kwa wakati mmoja zikaiharibu. Sasa ukibadilisha jina la kompyuta, au ukihamisha home yako kwenda kwenye mashine nyingine, Chrome inasoma ile alama inaona jina si lake na inasema profaili inatumika na kompyuta nyingine. Watu wengi wakiona hiyo meseji wanadhani wamedukuliwa. Hujadukuliwa. Hakikisha hakuna Chrome inayokimbia alafu:

rm ~/.config/google-chrome/Singleton*

Ya tatu, diski imejaa. Andika df -h uangalie mstari wa / na wa /home, ikiwa 100% Chrome inashindwa kuandika profaili na inakufa au inakuambia profaili haikufunguka vizuri. Unaweza kufuta ~/.cache/google-chrome yote bila hofu, ile ni kache tu itajitengeneza tena, ila kama una bando la kuhesabu ujue kurasa zitapakuliwa upya mara ya kwanza.

Ya nne, unaifungua kama root, yani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Chrome inakataa kabisa na inakuambia root bila --no-sandbox hairuhusiwi. Hii ilikuwa inawapata sana watu wa Kali (Linux ya watu wa usalama wa mitandao) kwasababu zamani Kali ilikuwa inakuingiza kama root, wakabadilisha kwenye toleo la 2020.1. Utakuta watu wanakushauri uongeze tu hiyo --no-sandbox uendelee. Tafadhali usifanye hivyo. Ile sandbox ndio ukuta kati ya ukurasa wowote wa mtandao na mafaili yako, ukiitoa alafu ukawa root umempa kila tovuti unayofungua nafasi ya kugusa kompyuta nzima ikitokea tundu kwenye brauza. Tengeneza mtumiaji wa kawaida, ni amri moja tu, sudo adduser na jina.

Kila ukiifungua inaomba paswedi ya keyring

Hii inakera watu sana na majibu mengi yanayozunguka huko yanakuachia hatari bila kukuambia. Chrome inaficha paswedi zako kwa ufunguo unaokaa kwenye mkoba wa mfumo, ndio hiyo keyring. Mkoba unafunguliwa na paswedi yako ya kuingilia. Kama umeweka kompyuta ijiingize yenyewe bila kuuliza paswedi, hakuna paswedi iliyoandikwa, kwahiyo mkoba unabaki umefungwa mpaka Chrome iombe, na ndio hicho kidirisha unachokiona. Au pengine ulibadilisha paswedi ya kuingilia na mkoba ukabaki na ile ya zamani, hapo inabidi uandike ya zamani.

Suluhisho safi ni kuzima kule kujiingiza yenyewe. Ukiandika paswedi mara moja asubuhi mkoba unafunguka kimyakimya na husumbuliwi tena. Kama ilikuwa ni paswedi ya zamani, fungua programu ya Passwords and Keys, bonyeza kitufe cha kulia kwenye Login, badilisha iwe sawa na ya saivi.

Kuna wanaokuambia uweke mkoba paswedi tupu, au uifungue Chrome kwa --password-store=basic. Zote zinaondoa kidirisha, ila ujue unachokitoa. Kwa basic paswedi zako zinafichwa kwa ufunguo unaojulikana na kila mtu, yani anayeshika diski yako anazisoma. Na ukihama kutoka mkoba kwenda basic zile za zamani hazisomeki tena na tovuti nyingi zitakutoa, mtu anadhani zimefutwa. Kama laptopu haitoki nyumbani na huweki paswedi kwenye brauza, sawa. Kama ni ya kazini au unabeba kwenye daladala, hapana.

Skrini nyeusi, inametameta, au herufi zimegeuka vipandevipande

Ukiona herufi zimevurugika mara tu baada ya kuapdeti mfumo, karibu kila mara ni kache ya grafiksi. Chrome inahifadhi vijiprogramu vya kadi ya picha vilivyotengenezwa kwa draiva ya jana, leo draiva (Mesa) imebadilika na vile vya zamani vinatoa takataka. Funga Chrome na ufute hizi:

rm -r ~/.config/google-chrome/ShaderCache ~/.config/google-chrome/GrShaderCache ~/.config/google-chrome/Default/GPUCache

Ikikuambia moja haipo hamna shida, majina yanatofautiana kidogo toleo hadi toleo. Paswedi na alamisho zako hazimo humo.

Kama haijasaidia, na --disable-gpu inasaidia, ingia Settings, System, uzime ile ya kutumia graphics acceleration, uwashe Chrome upya. Ila hii iwe ya muda, kwasababu sasa kazi yote ya kuchora inaenda kwenye prosesa na laptopu ya zamani itapata joto na betri itaisha haraka. Dawa ya kudumu ni draiva. Wenye NVIDIA waangalie kwenye Additional Drivers kwa Ubuntu au Driver Manager kwa Mint kama wako kwenye draiva ya nouveau au ya NVIDIA wenyewe. Wenye Intel na AMD draiva inakuja na mfumo kwahiyo kuapdeti mfumo mzima ndio dawa. Alafu fungua chrome://gpu uone, ukurasa ule ni mrefu ila sehemu ya juu tu inatosha, inakuonyesha kipi kinafanywa na kadi na kipi na prosesa.

Inajifunga yenyewe ghafla, au kompyuta nzima inaganda

Hili ndilo nataka tulikalie kwasababu ndilo linalowapata watu wengi huku kwetu, mashine nyingi tunazonunua ni zile zilizotumika, EliteBook, Latitude, ThinkPad, nyingi zinakuja na RAM ya 4GB, na Chrome ya leo ukifungua WhatsApp Web, Gmail, YouTube na vichupo vingine sita hiyo 4GB imeisha. Lakini kuisha kwa RAM kuna sura tofauti na kila sura ina jibu lake.

Sura ya kwanza, kichupo kimoja kinakufa kinaandika "Aw, Snap!" ila vingine viko hai. Hapo kuna uwezekano mkubwa kernel, yani kiini cha Linux, ndio imeua. RAM ikiisha kabisa kernel inachagua prosesi ya kuua, na Chrome imejipanga ili vichupo viwe mbele kwenye foleni hiyo, brauza yenyewe ibaki. Hakikisha kwa:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

Sura ya pili, madirisha yote ya Chrome yanapotea kwa mpigo bila meseji yoyote, kompyuta iko poa kabisa. Kama uko kwenye Ubuntu 22.04 au ya baadae, mshukiwa wa kwanza ni systemd-oomd. Ubuntu waliiwasha kuanzia 22.04, kazi yake ni kuangalia kama mfumo unahangaika na RAM na kuua kabla mambo hayajaganda, na inaua kundi zima la programu kwa pamoja, sio kichupo kimoja. Watu walilalamika sana ilipotoka kwasababu walikuwa wanaona brauza inapotea tu. Angalia:

journalctl -u systemd-oomd | grep -i killed

Ukiona jina la Chrome pale, umemjua. Wengine watakuambia uizime hiyo oomd. Ukiizima bila kuongeza nafasi ya kumbukumbu unahama tu kutoka sura ya pili kwenda ya tatu.

Sura ya tatu, kila kitu kinaganda, mausi haisogei, taa ya diski inawaka muda wote, na mtu anaishia kushikilia kitufe cha kuzimia. Hapo mfumo unahamisha vitu kati ya RAM na diski bila kupumzika, na kama diski ni ile ya kuzunguka sio SSD unaweza kusubiri dakika nyingi.

Dawa kwa zote tatu ni kupunguza mahitaji na kuongeza nafasi. Kupunguza: ingia Settings, Performance, uwashe Memory Saver, vichupo ambavyo hujavigusa vitalazwa na RAM yake itarudi. Alafu bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya Chrome, itafunguka orodha ya kila kichupo na kila ekstensheni na RAM inayokula, panga kwa memory uone nani mlafi. Wakati mwingine utashangaa ni ekstensheni uliyoiweka zamani na hata huikumbuki.

Kuongeza: angalia swapu yako (nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya akiba) kwa swapon --show na free -h. Kama swapu ni faili la /swapfile lenye 2GB na diski ina nafasi, lifanye 4GB. Funga Chrome kwanza ili RAM iwe na nafasi, alafu:

sudo swapoff /swapfile
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kama swapon --show inakuonyesha jina lingine, mfano /swap.img, tumia hilo. Hii ni kwa diski iliyofomatiwa ext4 ambayo ndio ya kawaida kwenye Ubuntu na Mint, wa btrfs wana njia yao tofauti. Kwa mashine ya 4GB mimi naongeza na zram pia, sudo apt install zram-config kwenye Ubuntu, inabana vitu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvipeleka kwenye diski, na kwenye diski ya kuzunguka utaona tofauti siku hiyohiyo. Na kama laptopu inafunguka na ina nafasi ya RAM, kijiti kimoja cha kuongezea kinazidi ushauri wote huu.

YouTube inakwamakwama hata neti ikiwa nzuri

Bonyeza kitufe cha kulia kwenye video uchague Stats for nerds. Angalia dropped frames (picha zilizorukwa), kama namba inapanda kwa kasi tatizo si neti, ni prosesa inashindwa kufungua video. Pale pia utaona kodeki, yani namna video ilivyobanwa, mara nyingi vp09 au av01. Sasa instoli vainfo kwa apt uiendeshe kwenye terminali, inakuonyesha chipu yako ya picha inaweza kufungua kodeki zipi yenyewe. Intel za kizazi cha 4 ambazo bado ziko nyingi sana mitaani zinaweza H264 lakini VP9 hazina, kwahiyo kazi yote inaangukia prosesa na feni inaanza kulia. Kwenye mashine kama hiyo shusha video iwe 480p au 720p, hakuna amri ya ajabu itakayoipa chipu kitu ambacho haikutengenezwa nacho.

Na hata chipu ikiwa inaweza, Chrome ya Linux si lazima iitumie. Fungua chrome://gpu usome mstari wa Video Decode. Umeandikwa Software only? Kwa Intel ya kizazi cha 5 kwenda mbele hakikisha una intel-media-va-driver, kwa za nyuma yake ni i965-va-driver.

Kwenye Google Meet wanaona skrini nyeusi, au hawakusikii

Andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, yani mfumo mpya wa kuchora dawati uliochukua nafasi ya X11, basi Chrome hairuhusiwi kujichukulia picha ya skrini yako kiholela kama zamani kwenye X11, inabidi ipitie PipeWire (huduma ya sauti na video) na huduma inaitwa xdg-desktop-portal, ambayo ndio inakuletea kile kidirisha cha kuuliza unataka kuonyesha nini. Kidirisha kisipokuja, au kikija alafu wenzako wanaona nyeusi, irestati:

systemctl --user restart xdg-desktop-portal pipewire

Hakikisha pia una portal ya dawati lako, xdg-desktop-portal-gnome kwa GNOME, xdg-desktop-portal-kde kwa KDE. Kama kikao kinaanza sasa hivi na bosi anasubiri, toka kwenye akaunti, pale pa kuandikia paswedi bonyeza kile kigurudumu uchague Ubuntu on Xorg, ingia tena, itaonyesha. Kwenye Ubuntu 25.10 hiyo sesheni ya Xorg ya GNOME imeondolewa kwahiyo huko ni portal tu. Mint ya Cinnamon kwa kawaida inaingia X11 na hili huwa halimpati mtu.

Maiki: instoli pavucontrol, ifungue wakati uko kwenye kikao, ingia Recording, uone Chrome inachukua sauti kutoka kifaa gani. Mara nyingi utakuta inachukua kwenye HDMI au kwenye kamera badala ya hedfoni zako. Ukitumia hedfoni za bluetooth na sauti inageuka kama ya redio mbovu mara tu kikao kinapoanza, ni kwasababu maiki yake ikiwashwa bluetooth inahamia hali ya simu, tumia maiki ya laptopu na hedfoni ziwe za kusikilizia tu, sauti itarudi.

Herufi zina ukungu

Wayland tena, pamoja na ukuzaji wa skrini wa 125% au 150%. Chrome inakuwa inapitia XWayland (daraja la programu za X11 ndani ya Wayland) na picha yake inavutwa. Fungua chrome://flags, tafuta ozone platform, weka Wayland au Auto, washa upya. Matoleo mapya yanafanya hivi yenyewe.

Kurasa hazifunguki

NET::ERR_CERT_DATE_INVALID au inakuambia saa yako iko nyuma: ni saa kweli, usianze kulaumu tovuti. Kwenye mashine zilizotumika betri ndogo ya ubao mama inakuwa imekufa, ukichomoa chaji na betri ikiisha saa inarudi miaka ya nyuma na vyeti vya tovuti vyote vinaonekana bado havijaanza kutumika. sudo timedatectl set-ntp true itairekebisha ukiwa na neti, ila badilisha na hiyo betri, nyingi ni CR2032, bei ndogo. Na kama una Windows na Linux kwenye laptopu moja na saa inakosea kwa masaa matatu kamili kila ukihama, hiyo ni kwasababu Linux inaweka saa ya ubao kwa UTC na Windows inaiweka kwa saa za hapa, na Afrika Mashariki tuko UTC+3. sudo timedatectl set-local-rtc 1 inazipatanisha.

ERR_NETWORK_CHANGED inakuja na kuondoka: Linux inaiambia Chrome kila mara njia ya mtandao ikibadilika na Chrome inakata kila kitu inaanza upya. Mara nyingi ni mtu ameunganisha waifai na hapohapo simu kwa waya wa USB, mfumo unaruka huku na kule. Chagua moja. VPN inayokatika na Docker inayowasha na kuzima kontena zinaleta hali hiyohiyo.

Waifai ya hoteli au chuo imeunganika ila ukurasa wa kuingilia hauji: andika neverssl.com kwa http, huo ukurasa hauna usimbaji kwahiyo mtandao unaweza kukupeleka kwenye kuingia. Bado? Zima Use secure DNS kwa muda kwenye Privacy and security, ingia, alafu uiwashe tena.

Haijiapdeti

Kwenye Linux Chrome haijiapdeti yenyewe kama Windows. Ukiiinstoli kwa .deb inaongeza ripo (ghala la programu) ya Google kwenye apt, na matoleo mapya yanakuja pamoja na ya mfumo. Kwahiyo kama huendeshi sudo apt update na sudo apt upgrade, au Update Manager, unatembea na Chrome ya zamani yenye matundu ambayo kila mtu ameshayasoma. Hili nalisisitiza kwasababu brauza ndio mlango mkuu wa kompyuta yako.

apt ikilia NO_PUBKEY kwenye dl.google.com, funguo ya sahihi yao imebadilika na uliyonayo ni ya zamani. Njia rahisi ni kupakua .deb mpya kutoka tovuti yao na kuinstoli juu ya iliyopo, inaleta na funguo. Ikilia habari za i386 hiyo si kosa, inakuambia tu ripo haina biti 32, ukitaka ikae kimya fungua /etc/apt/sources.list.d/google-chrome.list uhakikishe pameandikwa [arch=amd64]. Ikilia kwamba ripo imewekwa mara mbili, kuna mafaili mawili ya Google kwenye folda hiyohiyo, ondoa lile uliloliongeza kwa mkono.

Sync (kuoanisha mambo yako na akaunti ya Google) haipo, akaunti haiingii

Hebu angalia kama hiyo ni Chrome au ni Chromium, ikoni zinafanana. Google walifunga sync kwenye Chromium tangu Machi 15, 2021, kwahiyo alamisho zako za Chrome hazitakuja pale. Na Chromium ya Ubuntu ni snap, aina ya kifurushi cha programu kilichotengwa na mfumo, imefungiwa, ikishindwa kuona fleshi yako jaribu sudo snap connect chromium:removable-media, kamera ni chromium:camera.

Yote yameshindikana na profaili ndio mbovu

Usiifute, ibadilishe jina. Funga Chrome, alafu:

mv ~/.config/google-chrome ~/.config/google-chrome-zamani

Fungua Chrome, itajenga profaili mpya. Kama ulikuwa umewasha sync ingia tu kwenye akaunti, subiri, vitu vitarudi. Kama hukuwasha, funga Chrome tena na uhamishe alamisho kwa mkono, ni faili moja tu:

cp ~/.config/google-chrome-zamani/Default/Bookmarks ~/.config/google-chrome/Default/

Ukiwa na profaili zaidi ya moja za zingine ziko kwenye folda za Profile 1, Profile 2 na kuendelea. Paswedi zinakaa kwenye faili linaitwa Login Data, nalo linaweza kuhamishwa ila litasomeka tu kama mkoba wa keyring ni uleule, ukiwa umehamia kompyuta nyingine halitafunguka. Ekstensheni usizihamishe, ziweke upya moja moja, na kati ya kila moja tumia brauza siku mbili tatu, kwasababu kama mmoja wao ndio alikuwa anaharibu utamjua anaporudi. Ile folda ya zamani ikae mwezi mzima kabla hujaifuta.